Venus wa plastiki sebuleni: sanamu za kale zinavyoprintiwa, na unachonunua hasa

Ukipita kwenye maduka ya mapambo ya ndani Kariakoo, kati ya maua ya bandia, vioo na saa za ukutani, haichukui muda kukutana na watu weupe wa Ulaya ya kale. David wa mchongaji wa Kiitalia Michelangelo, kichwa peke yake, nywele za mawimbi. Venus, mungu wa kike wa mapenzi, asiye na mikono. Nike, mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki, mwenye mabawa na shingo isiyobeba kichwa. Wananunuliwa kwa ajili ya rafu ya televisheni, meza ya mapokezi ya saluni, zawadi ya nyumba mpya. Muuzaji mmoja atakuapia kuwa ni marumaru, mwingine atakwambia ni jasi, na siku hizi yupo wa tatu ambaye hana duka kabisa: anapokea oda kwa simu, anatengeneza chumbani kwake Tabata au Goba, na bodaboda inakuletea mlangoni. Huyu wa tatu anauza plastiki iliyotoka kwenye printa ya 3D, mashine inayojenga umbo tabaka kwa tabaka.

Swali la kwanza la wanunuzi wengi ni kama kitu hicho ni feki. Wana haki kuuliza, ila jibu lake halimsaidii mtu kuchagua. Linalosaidia ni hili: hii ni nakala ya nini, na imepita mikononi mwa nani kabla ya kunifikia? Kila mkono uliopitiwa umeacha alama, na alama hizo zinaonekana kwa macho ukishajua pa kutazama.

Tuanze na hicho kinachoitwa asili. Mtupa kisahani wa mchongaji Myron, sanamu ambayo karibu kila kitabu cha historia ya michezo kinaionyesha, ilimiminwa kwa shaba Ugiriki katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Shaba hiyo haipo tena. Vivyo hivyo mbeba mkuki wa Polykleitos, ambaye wachongaji wa kale walimchukulia kuwa kipimo cha mwili wa binadamu. Shaba ni mali, na sanamu nyingi za kale ziliyeyushwa zikawa silaha, sarafu na vyombo. Tunachokiona leo kwenye makumbusho ya Ulaya ni nakala za marumaru zilizochongwa na mafundi wa dola ya Warumi, karne nyingi baada ya Myron na Polykleitos kufa. Matajiri wa Roma walitaka Ugiriki kwenye bustani zao, na karakana zikawatimizia.

Mafundi hao waliacha alama ambayo mtoto anaweza kuiona. Shaba ina nguvu ya kusimama juu ya vifundo viwili vya miguu. Marumaru haina, jiwe likilemewa hapo linakatika. Kwa hiyo mnakili wa Kirumi alichonga kigogo cha mti na kukiegemeza kwenye mguu wa sanamu ili kipokee uzito. David naye, aliyechongwa moja kwa moja kwenye marumaru kati ya mwaka 1501 na 1504, ana kisiki nyuma ya mguu wa kulia kwa sababu hiyohiyo. Sasa itazame nakala ya plastiki ya sentimita 20: kigogo kipo palepale. Plastiki haikihitaji, uzito wenyewe ni wa kuchezea, lakini faili la kompyuta ambalo printa inalifuata limekibeba kama lilivyokikuta. Mimi huona raha kubwa kukitafuta kigogo hicho kila ninapoona sanamu ya mtu aliyesimama, maana kinaeleza safari nzima bila maandishi.

Baada ya Warumi ikaja jasi, ileile ambayo mafundi wa dari huiita jipsamu. Karne ya 19 miji ya Ulaya ilijaza kumbi zake nakala za jasi. Mwaka 1857 Malkia Victoria alitumiwa kutoka Tuscany, Italia, nakala ya David yenye ukubwa kamili, zaidi ya mita tano, naye akaikabidhi kwa makumbusho ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert, London. Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, wana wa wafalme wa nchi kadhaa za Ulaya walitia saini makubaliano ya kubadilishana nakala za kazi za sanaa ili kila nchi iwe nazo. Mwaka 1873 kumbi za nakala za makumbusho hayo ya London zilifunguliwa, na hadi leo watu wanapanga foleni kwenda kutazama vitu ambavyo kila mmoja anajua ni nakala. Hakuna aliyeona aibu. Mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda Florence, Italia, alipo David halisi, alisoma umbo la mwili kwenye jasi.

Kwa hiyo kijana wa Tabata na printa yake ni fundi mpya katika ukoo wa zamani sana wa wanakili.

Alichobadilisha ni njia. Jasi inahitaji kalibu, yaani umbo tupu la kuimiminia, na kalibu inahitaji mtu aiguse sanamu yenyewe, aipake, aifunike, kisha aibandue. Makumbusho mengi sasa yanakataa jambo hilo kwa sababu linaweza kuharibu ngozi ya jiwe. Skana haigusi. Inatumia mwanga wa leza, au picha nyingi za kawaida zilizopigwa kutoka kila upande, ambazo programu huzilinganisha hadi ijue kila nukta ya uso iko wapi. Kazi iliyofungua njia ni ya Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1998 na 1999 Marc Levoy na timu yake walikaa Italia wakiskani kazi za Michelangelo kwa leza, na David peke yake alitoa vipimo vya kufikia takriban robo ya milimita. Ukiyasoma kwa karibu matokeo yao unaona hadi michirizi ya patasi.

Faili linalotokana na kazi ya namna hii halina jiwe wala plastiki ndani yake. Ni ngozi tupu, iliyoundwa kwa pembetatu ndogondogo zilizoshonwa pamoja. Pembetatu zikiwa nyingi, uso unakuwa laini na wenye undani. Zikipunguzwa ili faili lipakuliwe haraka kwa bando la simu, shavu linaanza kuwa na pembe kama jiwe lililokatwa kwa nyundo. Ukiona nakala ya Venus yenye mashavu ya namna hiyo, printa haina kosa. Kosa liko kwenye faili lililobanwa kupita kiasi, au lililotokana na picha chache za mtalii zilizopigwa haraka.

Mara nyingi pia faili halikutoka kwenye sanamu ya asili. Venus de Milo, huyohuyo asiye na mikono, aligunduliwa kisiwani Milos, Ugiriki, mwaka 1820, akapelekwa Louvre, Paris, na yuko huko hadi leo. Lakini moja ya faili zake zilizosambaa sana ilitengenezwa na Mmarekani Cosmo Wenman kutokana na nakala ya jasi iliyoko Skulpturhalle, makumbusho ya nakala mjini Basel, Uswisi. Hebu ifuate safari hiyo: marumaru, kalibu, jasi, picha, pembetatu, plastiki. Kuna pia mradi wa Scan the World, unaokusanya maelfu ya faili za sanamu kutoka kwa watu wa kujitolea na makumbusho na kuzitoa bure, na nyingi ya hizo nazo zimetoka kwenye jasi. Kwangu hilo halipunguzi thamani. Nakala nzuri ya jasi ya karne ya 19 wakati mwingine ina undani ambao sanamu yenyewe imeshaupoteza kwa mvua na moshi wa mji.

Sasa mashine. Printa ya nyumbani inatosha juu ya meza ya kulia. Uzi wa plastiki wenye unene wa milimita 1.75 unavutwa kutoka kwenye rili, unaingia kwenye nozo yenye tundu la milimita 0.4, unayeyuka kwa joto la nyuzi 190 hadi 220, na unachorwa juu ya sahani bapa. Tabaka likiisha, nozo inapanda kidogo na kuchora jingine, kama mfinyanzi anavyopandisha chungu kwa mikunjo ya udongo. Tofauti ni kwamba mfinyanzi hulainisha maungio kwa kidole, printa inayaacha. Ndiyo maana ukiupeleka mwanga wa tochi ubavuni mwa sanamu iliyoprintiwa utaona mistari ya mlalo, tabaka juu ya tabaka, kuanzia kifuani hadi utosini.

Njia hii ilibuniwa na Mmarekani S. Scott Crump, aliyeomba hataza, haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, mwaka 1989, na kwa miaka 20 mashine zake zilikuwa za viwanda vyenye fedha. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap: printa ambayo michoro yake yote ni ya wazi na inayoweza kujitengenezea baadhi ya vipuri vyake. Hataza ya Crump ilipokwisha mwaka 2009, kampuni ndogo zikaingia sokoni kwa kasi na bei ikaporomoka. Mtu asingekuwa na printa chumbani Goba leo kama mambo hayo mawili yasingekutana.

Hesabu moja inaeleza ubora kuliko maneno ya muuzaji yeyote. David halisi ana urefu wa mita 5.17. Ukimtengeneza mzima kwa sentimita 30, umempunguza zaidi ya mara 17. Tabaka la kawaida la printa lina unene wa milimita 0.2, kwa hiyo nakala yako ina matabaka 1,500, na kila moja limebeba sehemu ya mwili halisi yenye urefu wa karibu milimita tatu na nusu. Chochote kilicho kidogo kuliko hapo kinapotea. Mishipa ya mkono wa kulia, ile inayowashangaza watu Florence, inabaki kama uvimbe usio na maana. Venus ana urefu wa takriban mita mbili tu, hivyo kwa sentimita 30 hizohizo amepungua chini ya mara saba, na uso wake unatoka vizuri zaidi. Kwa anayetaka David, ushauri wangu ni kununua kichwa peke yake badala ya mwili mzima. Kichwa cha sentimita 30 kina nafasi ya kubeba macho, na macho ndiyo kazi yenyewe.

Hapo kwenye macho kuna kipimo ambacho wauzaji wengi hawakijui. Michelangelo alichonga mboni za David kwa patasi, akazitoboa kwa umbo linalokaribia moyo, ili kivuli kilichomo ndani kimpe mtazamo mkali. Nakala ya David yenye macho laini kama mayai ina kasoro: ama faili ni baya, ama fundi amepitisha msasa kupita kiasi. Kwa Venus ni kinyume. Wagiriki walipaka macho rangi, na rangi imeshatoka, kwa hiyo jicho laini ndilo sahihi. Ukikuta Venus mwenye mboni zilizochongwa, ujue kuna mtu amemwongezea.

Kitu kingine kinachochanganya wanunuzi ni bei. Kwa nini sanamu ya sentimita 40 haiuzwi mara mbili ya ile ya sentimita 20? Kwa sababu urefu ukiongezeka mara mbili, upana nao unaongezeka mara mbili, na kina pia. Eneo la ngozi linakuwa mara nne na ujazo mara nane. Sanamu zilizoprintiwa zina kuta nyembamba na ndani yake wavu mwepesi wa plastiki badala ya ujazo kamili, kwa hiyo malighafi inaongezeka mahali fulani kati ya mara nne na mara nane, na muda wa mashine karibu vivyo hivyo. Rili ya kilo moja ya PLA, plastiki inayotumika zaidi, ina uzi wa mita 330 hivi, na sanamu kubwa ya sebuleni inaweza kuumaliza.

Kuwa na uwazi ndani si dosari. Nenda pale Samora Avenue, kwenye sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Sanamu za shaba za ukubwa ule humiminwa zikiwa na uwazi ndani tangu enzi za Wagiriki, kwa kuwa shaba nzito ikijaa mwili mzima hupasuka inapopoa na gharama yake haibebeki. Baadhi ya mafundi wa plastiki hujaza mchanga au jasi ndani ili sanamu isiangushwe na pangaboi au mtoto. Ni jambo jema, mradi mnunuzi ameambiwa. Ubaya unaanza pale uzito wa mchanga unapotumika kuthibitisha neno marumaru. Hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Marumaru ina baridi mkononi hata mchana wa Januari, na mahali palipobanduka panameta chembechembe. Plastiki inachukua joto la kiganja chako mara moja.

Dar es Salaam ina mashauri yake na mashine hizi. La kwanza ni unyevu. PLA inanyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani ina maji ya kutosha, hasa miezi ya masika. Uzi ulionyonya maji unapofika kwenye nozo yenye moto, maji yanageuka mvuke. Unasikia milio midogo ya kupasuka, na sanamu inatoka na nyuzinyuzi kama utando wa buibui kati ya kidevu na bega. Fundi makini anaweka rili kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, au anaikausha kwa joto dogo kabla ya kazi. Ukiona utando huo kwenye nakala unayouziwa, unajua jinsi anavyotunza malighafi yake.

La pili ni umeme. Kichwa cha sentimita 30 huchukua usiku kucha na zaidi. Umeme ukikatika katikati, mashine nyingi za sasa zinakumbuka zilipoishia, lakini sahani ya chini inapoa, plastiki inajikunja na kubanduka, na hata kazi ikiendelea panabaki mstari unaoonekana shingoni kama kovu. Wanaofanya biashara kwa uzito wameweka betri ya akiba. Wengine huikata sanamu vipande kwenye kompyuta, wakaprinti kimoja kimoja kwa saa chache, kisha wakaunganisha kwa gundi. Maungio yakifichwa kwenye mkunjo wa nguo au chini ya nywele, si rahisi kuyaona. Venus mwenyewe wa Louvre ameungwa kwa vipande viwili vikubwa vya jiwe vinavyokutana nyongani, kwa hiyo hapa fundi anarudia mbinu ya zamani.

La tatu ni joto, na hili mnunuzi ndiye anayelibeba. PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Posta mchana linaweza kufikia kiwango hicho kwenye dashibodi. Sanamu iliyosahaulika humo inarudi nyumbani imeinamisha shingo, na haiponi. Vilevile dirisha linalopigwa na jua la magharibi kila siku si mahali pake. Kwa kibaraza au bustani omba plastiki ya PETG, inayostahimili nyuzi 80 hivi, au ASA, inayofika karibu nyuzi 100 na kuvumilia jua. Muuzaji asiyejua tofauti ya hizo tatu ama hakutengeneza mwenyewe, ama hajafanya kazi hii kwa muda mrefu.

Kuna familia ya pili ya printa, inayotumia rezini ya maji inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Matabaka yake ni membamba sana na mistari karibu haionekani, kwa hiyo sanamu ndogo za kukaa kiganjani hutoka nzuri mno. Lakini rezini ambayo haijagandishwa ni sumu kwa ngozi na mvuke wake si wa kuvuta. Inataka glavu, chumba chenye hewa, pombe ya kusafishia, na mahali pa kutupa maji machafu ambapo si mfereji wa barazani. Katika nyumba za kupanga za chumba na sebule, watoto wakiwa humohumo, sioni jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa usalama, na siwezi kumshauri mtu aanze nayo.

Tukirudi kwenye plastiki ya uzi: kidevu, pua na mkono ulionyooshwa vinaning'inia hewani, na printa haiwezi kuchora juu ya hewa. Sehemu inayoinama zaidi ya nyuzi 45 hivi kutoka wima hutengenezewa nguzo za muda, ambazo baadaye zinavunjwa kwa koleo. Zinapobanduka zinaacha makovu, na makovu hayo hukaa chini ya kidevu, chini ya masikio, chini ya mabawa ya Nike. Geuza sanamu utazame huko kabla hujalipa. Baada ya hapo ndipo kazi ya mikono inapoanza: msasa mkavu, msasa wa maji, puti, praima, msasa tena, rangi ya kupuliza. Mafundi wa rangi za magari ndio wenye ujuzi huu, na Dar haina uhaba nao. Nakala bora nilizoziona mjini zilitokana na ushirika wa namna hiyo, mmoja akiwa na mashine na mwingine kompresa. Mashine inafanya kazi ya usiku mmoja. Umaliziaji mzuri unakula siku kadhaa, na kwa maoni yangu hapo ndipo pesa yako inapopaswa kwenda.

Na rangi yenyewe, kwa nini iwe nyeupe? Kwa sababu ya kutoelewa kulikodumu karne nyingi. Sanamu za Wagiriki na Warumi zilipakwa rangi: nywele, midomo, mipaka ya nguo, macho. Zilipofukuliwa rangi ilikuwa imetoka au imebaki kwa chembe, na wasomi wa karne ya 18, akiwemo Mjerumani Johann Winckelmann, wakausifia weupe kama kilele cha uzuri. Sifa hiyo ikazaa madhara ya kweli. Mwaka 1937 na 1938, British Museum, London, sehemu ya sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athens, zilikwanguliwa kwa vifaa vya shaba ili ziwe nyeupe zaidi. Mtafiti wa Kijerumani Vinzenz Brinkmann ametumia miaka mingi kutafuta mabaki ya rangi kwa mwanga maalumu, na tangu mwaka 2003 maonyesho yake yamezunguka miji mingi yakiwa na nakala zilizopakwa rangi kama za zamani: nyekundu, buluu, njano, bila haya. Weupe ule rafuni Kariakoo ni mapenzi ya Ulaya ya karne ya 18, na Athens ya kale isingeutambua. Natamani sana nione mtu wa Dar akiipaka nakala rangi zake za kweli, maana nyenzo zote ziko hapa.

Kuhusu haki, mambo mawili huchanganywa kila siku. Sanamu ina haki zake na faili lina haki zake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi inalindwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Michelangelo alikufa mwaka 1564, mchongaji Mfaransa Rodin mwaka 1917. Umbo lao ni la wote. Mchongaji Mwingereza Henry Moore alikufa mwaka 1986, kwa hiyo lake bado. Lakini aliyeliandaa faili anaweza kuwa ameliwekea masharti, na sharti la kawaida ni kutolitumia kibiashara. Kijana anayepakua faili la bure na kuuza sanamu bila kusoma masharti hayo anaweza kuvunja makubaliano hata kama sanamu yenyewe ina miaka 2,000. Italia nayo ina sheria ya mwaka 2004 inayotaka malipo kwa matumizi ya kibiashara ya kazi za urithi zilizo kwenye makumbusho ya umma, David akiwemo. Mwaka 2024 mahakama ya Stuttgart, katika kesi ya mchoro wa Leonardo da Vinci uliowekwa kwenye mafumbo ya vipande, ilisema sheria hiyo haivuki mipaka ya Italia.

Kesi inayonigusa zaidi ni ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, kwa kuwa ni ya Afrika. Kichwa chake kilichimbuliwa Amarna, Misri, tarehe 6 Desemba 1912 na timu ya Mjerumani Ludwig Borchardt, na kiko Berlin hadi leo licha ya Misri kukidai. Makumbusho yalikuwa na skani nzuri kabisa ambayo hayakutaka kuitoa kwa umma. Cosmo Wenman, yuleyule wa Venus wa Basel, alitumia sheria ya Ujerumani ya haki ya kupata taarifa, akabishana nao kwa miaka mitatu, na mwaka 2019 akalipata faili. Walikuwa wamechonga masharti ya leseni kwenye kitako cha sanamu ya kidijitali, kana kwamba umbo lililotengenezwa na fundi wa Misri zaidi ya miaka 3,300 iliyopita ni lao kulitolea masharti. Leo Mmisri asiye na viza anaweza kumprinti malkia wake nyumbani. Hakijarudishwa kichwa chenyewe, na sidai kwamba plastiki inatosha badala yake.

Teknolojia hii haikuumbiwa nakala tu. Mwaka 2018, mbele ya ghala la zamani la bandari Copenhagen ambamo mkusanyiko wa kifalme wa nakala za jasi umehifadhiwa, wasanii La Vaughn Belle na Jeannette Ehlers walisimamisha sanamu ya mita saba ya Mary Thomas, aliyeitwa Malkia Mary, mmoja wa viongozi wa uasi wa mwaka 1878 wa wafanyakazi weusi wa mashamba ya St. Croix, kisiwa cha Karibi kilichotawaliwa na Denmark. Waliskani miili yao wawili, wakaiunganisha kwenye kompyuta, na umbo hilo moja likawa malkia aliyekaa kwenye kiti. Ghala lenyewe liliwahi kuhifadhi sukari na ramu kutoka visiwa vya huko.

Hapa kwetu swali linaelekea Mwenge, kwa wachongaji wa vinyago. Kwa nini rafu zijae David na zikose umbo la Kimakonde? Sehemu ya jibu ni ya kiufundi. Mpingo uliopigwa rangi ya viatu ni mweusi na unang'aa, na hivyo viwili ndivyo vinavyosumbua skana kuliko vyote: weusi unameza mwanga, mng'ao unautupa pembeni. Vinyago vya ujamaa vina matundu na watu waliopandana, ndani kuna pande ambazo kamera haizifikii, na zikiprintiwa, nguzo za muda hunasa humo zisitoke. Mtindo wa shetani, wenye viungo vyembamba vilivyojikunja, ni mgumu zaidi.

Sehemu nyingine ya jibu ni watu. Michelangelo hana mjukuu wa kumdai mtu. Mchongaji wa Mwenge yuko hai, anauza leo ili ale leo, na msanii wa Kimakonde George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, analindwa hadi mwaka 2055. Anayetaka kulianza jambo hili aende kwa mchongaji kwanza na karatasi iandikwe kabla kamera haijatolewa: nakala ngapi, za ukubwa gani, kila moja inamlipa kiasi gani, faili linakaa kwa nani, na jina lake linaandikwa wapi kwenye kitako. Kisha achague kinyago kimoja chenye umbo lililofungamana, kabla ya kupakwa rangi ya viatu, akiweke kivulini siku ya mawingu, apulizie unga mwembamba unaofutika, na apige picha akikizunguka kwa urefu mbalimbali, kila picha ikiingiliana na iliyotangulia kwa zaidi ya nusu.